Kola za Wazee wa Mbale

Siku ya kuniaga mlinikatia keki na kunipa saa ya ukutani. Nikajiuliza, mtu aliyestaafu anapewa saa aangalie anachelewa wapi? Kisha yule binti wa mapokezi akasema, "Bibi Zuhura, tuandikie mambo ya zamani, sisi tuliokuja juzi tujifunze." Haya, naandika. Mishahara sitaitaja, kwa sababu mingine ilikuwa ya aibu. Vyeo navyo sitavitaja, maana kila cheo nilichopewa kilikuwa kazi ileile na funguo zaidi. Nitawaambia habari za miaka yangu ya mwanzo Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, na za bosi wangu wa kwanza, aliyenifundisha kulipekua koti kabla ya kulisifu.

Mie nilifika Guangzhou nikitokea Kariakoo, na Kariakoo nilifika nikitokea Tanga. Dada yangu alikuwa na duka la nguo Dar, akachoka kununua mzigo uliokwisha kupita mikono mitatu. Akanipa tiketi, akasema, "Zuhura, wewe una mdomo, nenda." Siku ya kwanza nikaenda Barabara ya Zhanqian, kwenye yale majengo ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, nikanunua mashati ya kiume marobota mawili. Nilifungua robota moja, nikatoa shati la juu, nikalipima, nikalivuta mshono, nikalisifu. Lililokuwa chini yake sikulitazama. Jioni nikagundua kwamba chini ya safu ya kwanza yote yalikuwa mashati ya watoto, yana picha ya bata kifuani.

Asubuhi nikarudi, nikasimama mbele ya duka lile, nikamwaga matusi ya Kitanga, ambayo mtu akiyaelewa hulia. Mwenye duka hakuyaelewa, akaendelea kula tambi zake. Nyuma yangu mtu akasema kwa Kiswahili cha bara, taratibu kabisa, "Dada, ulitazama mangapi?"

Nikageuka. Mwanamume mrefu, mwembamba, suruali imepigwa pasi, kichwani ana kikofia cha kufuma kinachofunika utosi tu.

"Moja," nikasema.

"Basi hilo moja ndilo ulilonunua. Hayo mengine umepewa."

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini akaingia dukani, akachukua kalkuleta ya yule mwenye duka, wakaandikiana tarakimu na kufutiana mpaka tambi zikapoa, na mashati yangu yakabadilishwa yote isipokuwa robo, ambayo dada yangu aliiuza Kariakoo kama fasheni mpya. Tulipotoka yule mtu akasema, "Nina ofisi mtaa wa Dengfeng. Nahitaji mkaguzi wa mzigo, na sauti ya namna hiyo sijaisikia tangu nitoke nyumbani. Unataka kazi?" Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu. Nyie siku hizi mnaulizwa mnajiona wapi baada ya miaka mitano.

Bosi wangu aliitwa Yona. Alikuwa mtu wa Uganda, wa kilimani nje ya mji wa Mbale, na alikuwa Myahudi. Naam, Myahudi, mweusi kama mie, mzaliwa wa kilima hicho, na baba yake kabla yake. Wazee wao waliishika Torati wenyewe kwa kuisoma, wakaacha sikukuu za wengine wakashika za kwao. Wakati wa utawala wa kijeshi walipokatazwa kusali, waliendelea kwa siri, ndani ya migomba. Yona alikuwa akinunua nguo Guangzhou, akizipeleka Kampala na miji ya mpakani, na kila shilingi iliyobaki ilipanda kile kilima.

Tatizo lake lilikuwa moja: hakuna aliyeamini kwamba ni Myahudi. Waislamu wenzangu wa Dengfeng walimwona ana kofia na hali nguruwe, wakamwalika futari Ramadhani nzima, naye akaenda, kwa sababu chakula kilikuwa kizuri. Wakristo walimwona hafanyi kazi Jumamosi, wakasema huyu Msabato. Mara moja alikwenda kwenye hoteli kubwa ambako wafanyabiashara Wayahudi kutoka nchi za mbali walikutana kusali Ijumaa jioni, mtu mmoja mlangoni akamwuliza kama amekuja kutengeneza kiyoyozi. Akasema hapana, nimekuja kusali. Akasali nao, wakaona anajua kuliko baadhi yao, wakamkaribisha meza ya mbele. Aliporudi nikamwuliza ilikuwaje. "Watu wazuri sana, Zuhura," akasema. "Ila hakuna hata mmoja anayemjua baba yangu."

Wiki yetu ya kazi, nyie mnaolalamika kuhusu likizo sikilizeni, ilikuwa hivi. Ijumaa mchana mie nakwenda msikitini, na Yona anaanza kujiandaa kwa Sabato. Jumamosi ofisi imefungwa kabisa. "Torati inasema apumzike hata mtu anayenifanyia kazi," aliniambia siku ya kwanza. "Jumamosi wewe si mfanyakazi wangu. Ukinikuta njiani, tusalimiane kama majirani." Jumapili sisi tuko ofisini lakini wateja Wakristo wako kanisani, kwa hiyo tunatazamana. Siku nne na nusu ndizo zilizotulisha.

Vifaa vyangu vilikuwa mkasi mdogo, tepu ya kupimia, sindano mbili na kiberiti. Kiberiti ndicho kilichoniletea sifa mbaya Zhanqian, nami nitakieleza vizuri kwa sababu kinasaidia mpaka leo. Unachomoa uzi kwenye nguo, unauchoma ncha. Ukinuka nywele zilizoungua, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuwa kijiwe cheusi, hiyo ni plastiki, mwenye duka hata akiapa. Ukinuka karatasi, hiyo ni pamba au kitani, na hapo kiberiti kimefika mwisho. Sasa uzi mwingine wa namna hiyo unaulowesha mate, unauzungusha ulegee, unauvuta ukatike. Pamba hukatika ikaacha manyoya kama brashi. Kitani hukatika kwa ncha ndefu, ngumu, inayong'aa. Ukijua hayo, nusu ya uongo wa duniani hutauziwa.

Mwanzoni nilidhani Yona ananifundisha ili tusiibiwe. Kumbe kulikuwa na jambo jingine. Torati yao inakataza mtu kuvaa sufu na kitani vilivyokutanishwa katika nguo moja. Kuuza anaweza, wateja wa Kampala walijivalia walichotaka. Kuvaa ndiko haramu. Na kitani kina tabia ya kujificha. Koti la sufu unaliona ni sufu tupu, kumbe ndani ya kola, ile sehemu inayoifanya isimame, fundi ametia kitambaa cha kitani. Ukitaka cha uvunguni sharti uiname, nasi tuliinama kwelikweli.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye simu. Kila Jumapili baba yake Yona, Mzee Asafu, alishuka kilimani mpaka Mbale mjini, kwenye duka lenye simu. Yona alimpigia kutoka kibanda cha simu pale Dengfeng, nami mara nyingi nilisimama karibu kumshikia saa, maana dakika zilikuwa ghali kama dhahabu. Mzee aliwahi kufanya kazi reli, na alipotaka kuwa mkali aliacha lugha yao akasema Kiswahili cha reli, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka kichwa cha treni. Nilikuwa namsikia bila kutaka.

Pasaka yao ya tatu ilikuwa inakuja na Yona hajaenda nyumbani. Kila mara kuna mzigo, kuna mteja, kuna meli. Katika nyumba yao ya sala Yona alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la mbele, ubavuni kwa baba yake, na wazee walianza kusema nafasi hiyo apewe mtu mwingine. Walisema aliyekaa Uchina miaka yote hiyo, anakula na nani, anasali na nani, amekwisha kupotea. Mzee alikuwa amewazuia kwa ubishi tu, na ubishi wa mtu mmoja una mwisho.

Yona akapata wazo. Atapeleka makoti ya sufu, moja kwa kila mwanamume wa nyumba ile ya sala, wayavae Pasaka. Mwezi ule kule kilimani ni mvua na baridi ya asubuhi. Mzee akasikiliza, kisha akapiga ile sauti ya treni. "Lete. Lakini mimi nafungua kola mwenyewe, na kisu yangu. Nikipata kitani pamoja na sufu, mimi nasema wazee wana haki. Hii benchi natoa."

Yona akarudisha mkono wa simu mahali pake, akabaki ameushika. "Wakinitoa kwenye lile benchi, Zuhura," akasema, "mimi nitakuwa mtu wa wapi?" Mie nilikuwa na Tanga, hata nisipokwenda miaka kumi hakuna wa kuninyang'anya.

Basi tukaanza. Tuliingia kila duka la makoti pale Zhanqian. Mie nachomoa uzi, Yona anauchoma, tunanusa wote wawili, kisha tunafungua kola kidogo, tunavuta, tunatazama, tunatikisa vichwa, tunatoka. Kitani, kitani, plastiki, kitani. Baada ya siku chache walituona mbali wakaanza kufunga milango. Walituita watu wa moto.

Aliyetuweza alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Chen, mwenye duka na kikarakana chake nyuma. Sisi tulimwita Laobanniang, yaani bosi wa kike, naye alilipenda jina. Siku ya kwanza tulipowasha kiberiti dukani kwake alitumwagia chai, mie na kiberiti na uzi. Siku ya pili alitupa sahani ya kuchomea. Akasimama anatutazama, mikono kiunoni, tukichoma na kuvuta na kutikisa vichwa, na kila mara Yona akiuliza kwa Kichina chake cha kuungaunga, "Kuna kitani? Hapa kuna kitani?"

Hatimaye tukapata koti lake moja la kijivu. Nje sufu, kola ndani pamba safi. Yona alilifungua mpaka kwapani kulihakikisha. Akaagiza dazeni mbili, ishirini na matatu ya wanaume wa kilimani na moja lake. "Siku ya sikukuu nami nivae hilohilo," akasema, "hata kama niko peke yangu chumbani." Tulikuwa tumebakiza siku chache kuingia mwaka mpya wa Kichina, viwanda vinafungwa, kila mtu anakwenda kijijini kwao. Laobanniang akasema akirudi tu atatushonea, tusihofu. Sisi wajinga hatukuhofu.

Makoti yaliletwa baada ya mwaka mpya, Ijumaa mchana, nimetoka msikitini. Kontena letu lilikuwa lifungwe Jumapili asubuhi liende bandari ya Huangpu. Bandari ya Nansha mnayojivunia leo ilikuwa bado matope na bata. Meli iliyosubiri kontena hilo ndiyo ya mwisho kuwahi Pasaka. Laobanniang alikuja mwenyewe na mzigo, amevaa vizuri, anacheka. Yona akachukua koti la kwanza, akafungua kola kwa ncha ya mkasi, akatoa uzi wa ndani, akaulowesha, akauvuta.

Ncha ndefu. Inang'aa.

Akatoa uzi mwingine. Koti jingine. Jingine. Mie nilikuwa namtazama usoni, na uso ule ulikuwa unaisha taratibu.

"Kitani," akasema.

"Kitani!" akasema Laobanniang kwa furaha, akapiga makofi. Kisha akaeleza, nami nikamwelewa vizuri mno. Alituona tunaingia kila duka tunauliza kitani, tunafungua kola kutafuta kitani, tunatikisa vichwa kwa huzuni, tunatoka. Akatuonea huruma. Wateja wanatafuta kitu mwezi mzima, hawakipati, mwisho wanakubali pamba kwa shingo upande! Akaapa atawapa. Alileta kitani cha daraja la kwanza kutoka kwao Chaozhou, kwenye mzigo wa mwaka mpya, mapajani mwake, ndani ya basi. Na hakuongeza bei hata kidogo. Zawadi.

Lahaula! Mtu utamgombeza vipi?

Yona alimshukuru. Akamshukuru mara mbili, akainama. Alipoondoka akatazama dirishani, jua limeshuka nyuma ya majengo. "Yatoe kwenye hesabu ya kontena," akasema. "Nitamwambia baba Jumapili."

"Tufumue! Tutie kitambaa kingine!"

"Lini? Sabato inaingia. Kesho sifanyi kazi wala siagizi mtu anifanyie. Ikitoka unabaki usiku mmoja tu, Jumapili alfajiri kontena linafungwa." Akakunja mikono ya shati, akaenda kuoga kwa ajili ya Sabato. Alikuwa na chumba nyuma ya ofisi, na makoti tuliyaacha yamelala palepale mezani.

Usingizi ulinipita mbali. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu huwa hazikai kitandani. Jumamosi asubuhi nikachukua mkasi, nikachukua teksi mpaka Zhanqian, nikamtoa Laobanniang kwenye uji wake. Nikamwambia kitani kitoke chote leo. Akaja juu kama moto wa kifuu. Zawadi yake! Kitani cha mapajani! Nikamweleza sheria ya Torati, akasema huo ni upuuzi. Nikamweleza meli, akasema meli zipo nyingi. Mwisho nikasema kwa kuchoka, "Ni mambo ya baba yake Yona. Baba yake mzee ndiye atakayefungua kola. Akikuta kitani, mwanawe hana kwao tena."

Laobanniang akaweka bakuli chini. "Baba yake?" akasema. "Mwezi mzima mnaniunguzia duka, hakuna aliyenena kwamba ni mambo ya baba yake?" Mwenyewe kila mwaka alikuwa akifunga duka kwenda Chaozhou kufagia kaburi la baba yake, hata biashara iwe motomoto. Akamwita msukuma mkokoteni abebe cherehani yake, tukaingia Dengfeng kama watu wanaohama.

Yona alikuwa amekaa dirishani na kitabu chake cha sala. Alipotuona na cherehani akasimama. "Hapana. Zuhura, siwezi kukuruhusu ufanye kazi leo."

"Hukuniruhusu. Jumamosi mie si mfanyakazi wako, ulisema mwenyewe. Mie ni jirani nimepita."

"Ukifanya kwa ajili yangu, ni kosa vilevile."

"Nani kasema kwa ajili yako? Nafanya kwa ajili ya baba yako."

"Baba yangu naye ni Myahudi!"

"Basi nafanya kwa ajili ya hasira zangu! Hasira zangu nazo zina Sabato?"

Alifungua mdomo, akafikiri. Nadhani alikuwa akitafuta kama kuna mahali pameandikwa kuhusu hasira za mwanamke wa Tanga. Hapakuwapo. Akarudi dirishani, akageuza kiti kikatazama ukuta.

Tukafumua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na sisi tulikuwa na kola ishirini na nne wazi kabla hatujajua tutatia nini. Pamba ngumu hatuna. Soko la vitambaa lilikuwa bado limelala, wenyewe wako vijijini mpaka ipite sikukuu ya taa, ile inayofunga sherehe za mwaka mpya. Laobanniang alikuwa na nailoni, tukaijaribu, kola ikalala kama sikio la mbuzi mgonjwa. Tukatazamana.

Sasa, mama yangu alikuwa ameniletea doti ya kanga kwa mtu, mpya kabisa, nyeusi na njano, naiweka ya Idi. Moja nimeifunga kiunoni asubuhi ile kwa ajili ya vumbi, moja nimejitanda. Haijawahi kuona maji. Na nyie mnajua kanga mpya: pamba tupu, na wanga mwingi mpaka inasimama yenyewe. Nikaivua ile ya kujitanda, nikaikunjakunja, nikaisikia inavyokakamaa. Ya kiunoni nikaiacha, heshima ni heshima. Nilitia mkasi na machozi yananilengalenga, sikatai. Kanga ya mama ni kanga ya mama.

Tulipofika kwenye jina la kanga, Laobanniang akazuia mkono wangu, akauliza maandishi yale yanasemaje. Yalisema MCHEZA KWAO HUTUNZWA. Nikamweleza: anayecheza ngoma nyumbani kwao, watu wa kwao humtuza. Akaitikia kwa kichwa, akasema hata kijijini kwao ni hivyohivyo, kisha akaniambia nikate sawasawa nisimharibie kola. Jina likaangukia vipande vitatu, nikavitupa kwenye fungu na vingine, tukashona. Saa zilikwenda. Yona hakugeuka hata mara moja, lakini masikio yake yalikuwa yametusogelea.

"Ni mgonjwa?" Laobanniang akaniuliza.

"Hapana. Anapumzika."

Akamtazama mgongo uliokakamaa. "Anapumzika kwa nguvu sana," akasema.

Sabato yao hutoka zikionekana nyota tatu, na Guangzhou ya wakati ule ilikuwa na moshi, nyota unahadithiwa. Yona alisubiri mpaka akaridhika kwamba hata kipofu angekuwa ameziona. Ndipo akaja mezani. Laobanniang alikuwa anamaliza koti la mwisho. Yona akalichukua lile, akalivaa, akaishika kola kwa vidole viwili ikasimama. Laobanniang akamgonga begani kwa tepu, akamwambia hilo ndilo lake, asilivue, atalikunja. Yale mengine ishirini na matatu yalifungwa, na Jumapili asubuhi yalikuwa ndani ya kontena.

Tukasubiri. Wengine mnadhani kazi yetu ni kupakia, kumbe kazi yetu kubwa ni kusubiri. Meli ikafika Mombasa, lori likafika Mbale, Pasaka ikaingia. Jioni ya sikukuu Yona alivaa koti lake la sufu katika joto la Guangzhou, akala mkate wake usiotiwa chachu peke yake chumbani, jasho linamtiririka. Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka kwisha akaniomba niende naye kibandani. Alikuwa amelivaa tena. Akapiga, akasikiliza, akabadilika rangi, akaninyooshea mkono wa simu.

"Anakutaka wewe."

Nikaukamata kama nyoka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mama ya kola?"

"Ndiye mie, Mzee."

"Mimi nafungua kola ya kwanza. Hapana kitani. Nzuri." Moyo wangu ukashuka mahali pake. "Lakini ndani nakuta neno."

"Neno gani, Mzee?"

"Mcheza."

Yaa Rabi! Kanga! Nilikuwa nimeisahau kabisa ile kanga. Nyuma ya Mzee nilisikia watu wengi wanazungumza kwa pamoja, inaelekea nusu ya kilima ilikuwa imeshuka naye dukani.

"Sisi ni watu ya kusoma," akaendelea Mzee. "Tukiona neno, hatuwezi kuacha. Tunafungua ya pili, maua tu. Ya tatu, maua. Ya tisa, tunakuta neno ingine: Kwao. Sasa iko Mcheza Kwao. Mcheza kwao nini? Tunafungua yote."

"Yote, Mzee? Kola zote?"

"Yote! Wazee wamekaa Pasaka bila kola, kama kuku ya kunyonyolewa shingo. Siku nane tunabishana. Mmoja anasema, mcheza kwao huchoka. Mwingine anasema, hapana, huimba. Yule mwenye kutaka benchi ya mtoto yangu anasimama mbele ya wote anasema, mcheza kwao husahauliwa. Mimi nasema hapana! Mtu hawezi kushona neno mbaya shingoni kwa mzee. Karibu tupigane. Sasa wewe, mama, sema. Mcheza kwao nini?"

Neno lilikuwa ulimini. Mtu wa Tanga hulijua neno hilo kabla ya kujua kutembea. Nikamtazama Yona, ameegemea kibanda, kola imemsimama shingoni, jasho linamtoka mpaka ndevuni, ananitazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Nikaumeza ulimi.

"Mzee," nikasema, "neno hilo halikupakiwa. Limebaki kwenye koti la mwanao, ndani ya kola, na yeye mwenyewe hajalifungua."

Kisha nikamsikia anawageukia wenzake, anasema kwa lugha yao, na zogo likalipuka kule Mbale mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Aliporudi sauti yake haikuwa ya treni tena.

"Mama."

"Naam, Mzee."

"Wewe unajua hiyo neno?"

"Nalijua."

"Ni neno nzuri?"

"Nzuri sana, Mzee."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi usiniambie. Na hawa wazee wakipiga simu, usiwaambie. Na huyo mtoto, mwambie asifungue kola huko. Aje afungue hapa, mbele yao, amekaa kwenye benchi karibu na mimi."